Kupanda Kilima cha Mawe Mwanza kwa Njia ya Mzunguko

Anayeutazama mji wa Mwanza akiwa ndani ya feri inayotoka Kamanga huona mawe kwanza, kisha ndipo aone nyumba. Majabali ya kijivu yamepandana juu ya vilima kama magunia yaliyoshushwa kwa haraka, na juu ya vilima hivyo kuna mandhari ya Ziwa Victoria ambayo mkazi wa jiji anaweza kuifikia kwa miguu yake mwenyewe, asubuhi moja, bila hema, bila gari na bila gharama kubwa. Mwongozo huu unahusu safari ya namna hiyo: matembezi mafupi ya kilomita 2 hadi 3 yanayopanda kilima cha mawe kwa upande mmoja, yanafika kileleni, na yanarudi chini kwa upande mwingine. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida huyamaliza kwa muda wa saa mbili, pamoja na mapumziko ya juu.

Wahenga walisema kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na methali hiyo ndiyo msingi wa yote nitakayoeleza. Katika kilima cha udongo, njia hujionesha yenyewe na nyayo hubaki. Katika kilima cha mawe nyayo hazibaki, jiwe lililokuwa jepesi wakati wa kupanda hugeuka ukuta wakati wa kushuka, na uchovu humfika mtu wakati uleule anapoyahitaji magoti yake kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo kila uamuzi, kuanzia kiatu utakachovaa hadi upande utakaoanzia, ufanywe kwa kufikiria namna utakavyoshuka.

Kulijua jiwe kabla ya kulikanyaga

Mawe ya Mwanza ni graniti iliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na ni miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika. Mwamba huo ulipasuka ukawa vipande vikubwa mfano wa matofali ukiwa bado umefunikwa na udongo. Maji ya mvua, ambayo huwa na asidi hafifu, yakapenya katika nyufa na kuanza kuvila vipande hivyo. Kona huliwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja tu, ndiyo maana jiwe lililoanza likiwa na pembe huishia kuwa la mviringo. Baadaye udongo ulisombwa na maji, na mawe yakabaki yamekaliana jinsi tunavyoyaona leo. Jiwe la Bismarck, lililo majini karibu na kivuko cha Kamanga, linafaa kutazamwa na kila anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza. Asimame ufukweni, alichunguze jiwe la juu lilivyokaa juu ya mengine, na atafute kwa macho mahali hasa yanapogusana. Jicho likizoea kutafuta mahali hapo, litamwongoza vyema akiwa kilimani.

Jabali kubwa ambalo limekaa mahali pake kwa maelfu ya miaka halitikiswi na uzito wa mtu mmoja. Mawe ya kuogopa ni madogo, yenye ukubwa wa ndoo au wa sufuria, yaliyonasa kati ya majabali makubwa. Hayo hubingirika. Kabla ya kulikanyaga jiwe la ukubwa huo, ligonge kwa kisigino au lisukume kidogo kwa mkono huku uzito wako ukiwa bado umeuacha kwenye mguu wa nyuma.

Hatari ya pili ni maganda. Jabali la graniti huachia tabaka za juu kama kitunguu, na tabaka hizo huwa na unene wa vidole viwili au vitatu, nyingine zikiwa zimeshaachana na mwili wa jiwe bila kuonekana. Ukilipiga jabali zima kwa ngumi, mlio wake ni mfupi na mzito. Ukipiga ganda lililoachana, hulia kama chungu kitupu. Kila ninapofika mahali ambapo nitalazimika kushika ukingo wa jiwe ili nijivute, mimi hugonga kwanza na kusikiliza. Ni kazi ya sekunde mbili.

Kitu cha tatu ni chembe za mchanga mkavu unaotokana na jiwe lenyewe kumomonyoka, ambazo hutulia kwenye vibonde vya majabali. Aliyekanyaga chembe hizo juu ya jiwe lenye mteremko huteleza kama aliyekanyaga maharage makavu sakafuni. Na cha nne ni michirizi myeusi inayoonekana ikishuka kwenye mbavu za majabali. Hiyo ndiyo njia ya maji ya mvua, na weusi wake ni viumbe vidogo sana vinavyoishi pale ambapo maji hupita. Mchirizi mkavu hauna neno, lakini ukilowa, hata kwa umande, huwa kama sabuni.

Kuchagua kilima na kuomba ruhusa

Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda mawe, au anayekwenda na watoto, ningependekeza aanzie Kisiwa cha Saanane. Kisiwa hiki kilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1964, kilikuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikimiliki. Eneo lote la hifadhi, pamoja na sehemu ya maji, ni kilomita za mraba 2.18 tu, na boti kutoka Capri Point, rasi iliyo mjini Mwanza, hufika kwa dakika chache. Huko kuna njia za miguu kati ya mawe, kuna askari wa hifadhi wanaoongoza wageni, na pimbi wanaoota jua juu ya majabali hawakimbii sana. Utamwona pia mjusi wa miamba ambaye jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji huu. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi ya waridi na mwili wa buluu. Ulizia viingilio na namna ya kulipa siku moja au mbili kabla, ili asubuhi yako isiishie dirishani.

Vilima vya nchi kavu vinahitaji maandalizi ya aina nyingine. Vingi vina watu. Nyumba zimejengwa hadi katikati ya mawe, ngazi za saruji zinapita kati ya jiko la huyu na uga wa yule, na asubuhi utapishana na wanafunzi wanaoteremka mbio wakiwa na madaftari na akina mama wanaopanda na ndoo za maji kichwani, wakilikanyaga kila jiwe kwa uhakika ambao mgeni anapaswa kuutazama na kujifunza. Wewe unapita nyumbani kwa watu. Amkia kila mtu. Neno "mwangaluka" kwa wazee wa Kisukuma hufungua mlango ambao hela haifungui. Ikiwa kilima hukifahamu, mwone mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, umweleze kwamba unakwenda matembezi na ungependa kujua kama kuna sehemu isiyoruhusiwa. Baadhi ya vilele vina minara ya mawasiliano au mitambo inayolindwa, na huko kupiga picha bila idhini kunaweza kukuletea usumbufu. Mawe mengine ni mahali pa sala au pa matambiko. Ukikuta watu wanasali, pita mbali na kwa ukimya; ukikuta vyungu, nguo au vyakula vimewekwa chini ya jiwe, usiviguse.

Ukishapata kilima, kizunguke kwanza kwa macho kutoka chini. Simama barabarani au ufukweni mahali ambapo unakiona chote, na utafute upande ulio mkali na upande wenye mteremko mpole. Kanuni yangu ni kupanda kwenye ukali na kushuka kwenye upole. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu mwanzo rahisi unavutia, lakini anayepanda jiwe huliona likiwa mbele ya uso wake na mikono yake inafanya kazi, wakati anayeshuka analiona kwa shida na uzito wake unamsukuma mbele. Ikiwa pande zote zinafanana, panda kwa upande wa magharibi asubuhi, kwa kuwa kilima chenyewe kitakupa kivuli hadi karibu na kilele.

Siku na saa

Majira bora ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ambapo majabali ni makavu na nyasi ni fupi. Upungufu wake ni ukungu wa vumbi na moshi unaofunika ziwa, hasa kuanzia Agosti, kiasi kwamba unaweza kufika juu ukaona rangi moja tu ya maziwa mbele yako. Wakati wa mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba na za masika za Machi hadi Mei, anga husafishika na visiwa vya mbali vikaonekana kama vimesogezwa, ila mawe hulowa na nyasi huficha mashimo. Ninayoipenda zaidi ni siku ya pili baada ya mvua, pale ambapo hewa bado ni safi na jua la jana limeshakausha majabali.

Mwanza ipo upande wa magharibi wa nchi, kwa hiyo jua lake huchelewa kuliko la Dar es Salaam. Huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi, na hufika utosini kati ya saa 6:30 na saa 7 mchana. Anza kupanda mara tu unapoweza kuona vizuri mahali unapoweka mguu, ili ufikapo saa 3 asubuhi uwe umeshaketi kileleni, na saa 4 uwe unashuka. Jabali la graniti hunyonya joto polepole na kulishikilia; mchana mtu anayetembea kati ya majabali hupigwa na jua kutoka juu na joto la jiwe kutoka pembeni na chini. Upepo wa ziwa, ambao huanza kuvuma kuelekea nchi kavu jua linapopanda, hukausha jasho na kumfanya mtu adhani hana kiu. Uso wa ziwa wenyewe upo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua ni kali kuliko upepo unavyokuashiria. Safari za jioni, za kwenda kutazama jua likizama, ninazishauri kwa wale tu waliokwisha kulijua jiwe lao, kwa sababu karibu na ikweta giza huingia haraka na kushuka majabali gizani kwa tochi ya simu ni jambo la hatari.

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na kilele cha mawe ni mahali pabaya kabisa pa kuwapo radi inapokuja. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu; hizo ndizo kilomita zilizobaki kati yako na radi. Ikiwa hesabu haifiki sekunde 30, ulipaswa kuwa chini tayari. Usijifiche kwenye pango fupi chini ya jabali wala chini ya mti uliosimama peke yake. Shuka hadi sehemu ya chini, penye nyumba, na usipande tena hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mavazi na mzigo

Kiatu kinachofaa ni raba yenye soli laini ya mpira, isiyochakaa, inayobana kisigino. Ndala na yeboyebo ziachwe nyumbani. Jasho likiingia, mguu huteleza ndani ya kiatu hata kama kiatu chenyewe kimeshika jiwe. Viatu vya ngozi vyenye soli ngumu navyo havifai. Kata kucha za miguu siku moja kabla, kwa maana wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele kwa muda mrefu, na asiyezikata atalikumbuka hilo kwa wiki nzima. Suruali ndefu na nyepesi hukinga ngozi dhidi ya miiba na upupu. Dera na sketi ndefu hukanyagwa wakati wa kupanda, kwa hiyo anayependa kujisitiri avae suruali pana ndani na gauni fupi juu yake.

Mzigo wote ukae mgongoni katika begi lenye mikanda miwili, ili mikono ibaki huru. Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na zaidi kama kuna mtoto. Ndizi mbivu na karanga zinatosha kwa chakula. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nayo hushibisha sana na hayaharibiki, ingawa huongeza kiu, hivyo yaliwe yakiambatana na maji. Ongeza kofia yenye ukingo, filimbi, simu iliyojaa chaji, bandeji, na kanga au kitenge kimoja. Kanga hufunga kifundo cha mguu kilichoteguka, huning'iniza mkono ulioumia, hufunika uso nyuki wanapokuja na huwa kivuli kwa mtoto. Fimbo ngumu yenye urefu wa kufika kiunoni inafaa sana kwenye nyasi, na nitaeleza matumizi yake hapa chini.

Nenda na watu wasiopungua wawili, mkiwa watatu jumla. Mmoja akiumia, wa pili atabaki naye na wa tatu atafuata msaada. Kabla ya kuondoka, mwambie mtu aliye nyumbani ni kilima gani mnapanda, kwa upande upi, na ni saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi.

Kupanda

Njia ya watu hutambulika kwa rangi. Majabali mengi yamefunikwa na madoa ya kijani, ya kijivu na ya njano yanayoota polepole sana juu ya jiwe. Pale ambapo miguu hupita kila siku madoa hayo husuguliwa, na jiwe huwa jeupe zaidi na laini kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Fuata weupe huo. Njia ya mbuzi nayo huonekana vizuri, ila hupita chini ya matawi ya miiba kwa kimo kisichozidi kiuno cha mtu. Ukijikuta unainama sana na mabegani mwako mnanaswa na miiba, umefuata njia ya mbuzi; rudi hadi ulipoiacha ile nyingine.

Juu ya jabali lenye mteremko, weka unyayo wote, usiweke vidole peke yake. Hofu humfanya mtu ainame na kulikumbatia jiwe, na hapo ndipo miguu hutoka, kwa kuwa uzito umeondoka juu ya soli. Simama wima, hatua ziwe fupi, macho yatazame mahali pa hatua inayofuata. Sehemu zinazohitaji mikono, viungo vitatu vishike na kimoja ndicho kihame: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika. Nyufa na vibonde vyenye kivuli ni makazi ya nyoka, nge na nyuki, na wengi wao hawana ugomvi na mtu anayewapa nafasi ya kuondoka. Kwenye nyasi zinazoota kati ya jiwe na jiwe, tanguliza fimbo, uibonyeze chini, usikilize kama imegota; mara nyingi chini ya nyasi hizo kuna uwazi unaoweza kumeza mguu hadi paja.

Mimea miwili ijulikane kwa sura. Mnyaa, ambao wakulima wengi wa Usukuma wameupanda kuwa ua, huota pia kwenye vilima. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kulidhuru jicho. Usishike matawi yake ili ujivute. Upupu nao, wenye maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, huwasha ngozi kwa muda mrefu, hasa maganda yakikauka.

Jambo la muhimu kuliko yote katika kupanda nililijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kupanda mawe haya, mimi na mdogo wangu tulikwama juu ya jabali lenye mteremko mkali. Tulikuwa tumelipanda kwa wepesi, na tulipotaka kurudi, tukaona hakuna mahali soli zetu zingeweza kushika. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi chini yetu alituona. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Kaa chini kwanza. Na mwenzako mwambie akae." Tulipokaa, akanyoosha fimbo yake. "Mkono wenu wa kulia kuna ufa wenye majani. Jiburuzeni mkiwa mmekaa hadi hapo, kisha mshike ufa, uwalete." Ufa ule ulikuwa hatua nne tu kutoka tulipokuwa, na hatukuwa tumeuona. Tulipofika chini hakutugombeza. Alituuliza tu kama wakati wa kupanda tuligeuka hata mara moja kutazama tulikotoka, na hatukuwa tumegeuka.

Tangu siku hiyo, kila baada ya hatua kama 50, na kila ninapomaliza jabali moja kabla ya kuanza jingine, hugeuka mwili mzima na kuitazama njia kama atakavyoiona mtu anayeshuka. Huchagua alama moja ya karibu, kama mkuyu uliotia mizizi kwenye ufa au jiwe lenye umbo la pekee, na alama moja ya mbali, kama majengo ya hospitali juu ya kilima cha Bugando, mnara, au ncha ya rasi inayoingia ziwani. Njia ya mzunguko inaweza kukataa katikati. Unaweza kufika juu ukakuta upande wa pili umefungwa na ukuta, ua au nyuki, na hapo utalazimika kurudi ulikotoka. Kwa hiyo kanuni ni moja na haina msamaha: usipande jiwe ambalo huna uhakika wa kulishuka. Ukisimama mbele ya jiwe la namna hiyo, kileleni patafikiwa siku nyingine kwa njia nyingine.

Kileleni

Keti kabla ya kutazama. Watu hutembea huku wakitazama ziwa au simu, nao wako juu ya jiwe la mviringo ambalo ukingo wake hauna mwisho ulio wazi. Ukingo huo huinama kidogo kidogo hadi miguu ikose pa kushika. Kaa mita kadhaa kutoka mahali mteremko unapoanza, na picha zipigwe mkiwa mmesimama tuli. Usirukie kutoka jabali moja hadi jingine, hata kama pengo ni dogo, kwa kuwa upepo wa juu huja kwa mapigo.

Kutoka kwenye vilima vya katikati ya jiji utaona Ghuba ya Mwanza ikienda kusini, Saanane ikiwa imelala karibu na Capri Point, na mitumbwi ya wavuvi ikirejea na dagaa wa usiku. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa hili kutoka kilima cha pande hizi na kulipa jina la malkia wake, wakati wenyeji waliokuwa wakiliita Nyanza walikuwa wakivua humo tangu kale. Kunywa maji, kula, na mtumie nusu saa. Takataka zote, pamoja na maganda ya ndizi na ya karanga, zirudi ndani ya begi.

Kushuka

Kabla ya kuondoka juu, itafute njia ya upande wa pili kwa macho hadi chini kabisa: paa la kwanza la bati, barabara, au ufukwe. Ikiwa huoni mwendelezo wake, mmoja wenu mwenye uzoefu atangulie umbali wa jabali moja au mawili huku wengine wakimsubiri, kisha awaite. Usimfuate mtu aliyepotea kwa matumaini kwamba njia itatokea mbele.

Kwenye mteremko mpole shuka ukiwa umetazama mbele, magoti yamekunjwa kidogo, hatua fupi, uzito juu ya unyayo mzima. Mteremko ukizidi, geuka ubavu. Ukizidi zaidi, kaa, ushuke kwa matako na viganja. Hakuna aibu katika hilo, na suruali iliyochanika ni nafuu kuliko mguu. Mahali pa kushuka kama ngazi, geuza uso kwenye jiwe na urudi kinyumenyume, ukitafuta kwa mguu mmoja huku viungo vitatu vimeshika. Fimbo mpe aliye chini yako kabla hujaanza. Watu wawili wasishuke wakiwa mmoja moja kwa moja juu ya mwingine, kwa sababu jiwe linaloachiwa na wa juu humfikia wa chini. Jiwe likibingirika, piga kelele neno moja, "Jiwe!", bila kungoja kuona linakwenda wapi.

Pumzikeni kila dakika kumi hata kama hakuna anayelalamika. Magoti yaliyochoka hutetemeka kidogo mtu anaposimama tuli. Ukiliona hilo kwako au kwa mwenzako, kaeni hadi litulie.

Yakitokea ya kutokea

Nyuki wakishambulia, funika kichwa na uso kwa kanga na mwondoke mara moja kwa njia mliyoijia, bila kuwapiga, maana nyuki aliyepondwa hutoa harufu inayowaita wenzake. Mtu akiumwa na nyoka, mketishe, mvue pete na saa, funga kiungo kilichoumwa kwenye ubao au fimbo kisisogezwe, na abebwe hadi hospitali. Usikate jeraha, usilinyonye, usilifunge kwa kamba ya kuzuia damu, na msipoteze muda kumwinda nyoka. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, kisha mwone daktari. Mtu anayelalamika kichwa na kizunguzungu katika joto apelekwe kivulini, aloweshwe kwa maji na anywe kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, hali hiyo ni ya dharura. Namba ya dharura ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Piga ukiwa mahali penye mtandao, eleza jina la mtaa, upande wa kilima na alama inayoonekana kutoka barabarani, na mmoja wenu ateremke kuwasubiri waokoaji, kwani hawataweza kuwaona kati ya majabali.

Mkifika chini mkiwa na joto na vumbi, ziwa litawavutia. Msioge wala kunawia miguu penye matete na maji yaliyotulia, kwa kuwa konokono wa kando ya ziwa hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo huingia kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha. Tumieni maji ya bomba. Kisha mpigie simu yule uliyemwachia taarifa ya safari umweleze kwamba mmeshuka wote, na nyumbani kagua nyuma ya magoti na kiunoni kama kuna kupe. Jioni hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijachanganyika, andika kwenye daftari alama ulizochagua, jabali lililokupa shida na mahali ufa wenye majani ulipokuwa.